Kopo la antioksidanti na presha yako: namna ya kulijaribu bila kuacha dawa

Kosa ni lile lile kila mara. Mtu ana presha, anameza amlodipini yake vizuri, kisha jirani anamletea kopo la vidonge vya antioksidanti, vya "kusafisha mishipa". Anatumia wiki mbili, anapima mara moja kwa kijana mwenye meza na mashine pale sokoni, anaona 128, anaacha dawa. Mwezi wa pili ndugu zake wanamkimbiza hospitali ya Maweni mdomo umekwenda upande.

Nauza dawa hapa Mwanga, Kigoma mjini, na nimechoka kulieleza jambo hili vipande vipande dirishani huku foleni ikigonga kioo. Sikuuzii kopo, wala sikunyang'anyi. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa namna ambayo mwishoni utajua kama limefanya kazi au hela imekwenda na maji. Zoezi zima ni wiki kumi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu. Zile za kifundo cha mkono ziache. Ukikosea kidogo tu pa kuuweka mkono, zinadanganya.
- Futi ya fundi cherehani. Zungusha mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi ya kawaida imetengenezwa kwa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wako ukizidi hapo, tafuta mkanda mkubwa, kwa sababu mdogo utakupa presha usiyokuwa nayo.
- Betri mpya.
- Daftari na kalamu. Kumbukumbu ya kichwani huchagua namba nzuri na kuzisahau mbaya.
- Kiti chenye egemeo na meza. Stuli na mkeka havifai hapa.
- Dawa zako zote na kadi ya kliniki.
- Kopo lenyewe, likiwa halijafunguliwa.

## Hatua ya 1: Fahamu kopo linagusa wapi

Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando wa safu moja ya seli, mwembamba kuliko ule wa kitunguu. Utando huo hutoa hewa iitwayo nitriki oksidi, nayo ndiyo inayouambia mshipa ulegee na kupanuka. Kwa mwenye presha, chembe haribifu za oksijeni huwa nyingi, zinaikamata nitriki oksidi kabla haijafanya kazi, na mshipa unabaki umekaza. Antioksidanti ni kitu kinachozizima chembe hizo. Mpaka hapo muuza kopo anasema kweli.

Anachokiruka ni hiki. Chembe hizo zinatengenezwa kila saa na vimeng'enya vilivyo kwenye ukuta wa mshipa wenyewe, na mmoja wa wachochezi wakubwa ni homoni ya angiotensini. Kumeza vitamini ni kudeki chumba huku bati linavuja. Dawa ya presha iitwayo losartani huizuia homoni hiyo isifanye kazi, na nyingine, enalaprili, hupunguza utengenezaji wake. Hizo ndizo zinazopanda juu ya paa. Anayeacha losartani ili anywe antioksidanti amemfukuza fundi wa bati, akanunua dekio.

Na matokeo? Majaribio mafupi yanatia moyo kidogo. Uchambuzi wa majaribio 29 ya vitamini C, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta namba ya juu ya presha ikishuka kwa karibu 4, dozi ikiwa kama miligramu 500 kwa siku na muda kama wiki nane. Majaribio mengine madogo ya vitamini C na E kwa pamoja yameonyesha mishipa ikilegea vizuri zaidi.

Lakini mishipa tunailinda ili tusipate kiharusi wala shambulio la moyo, na majaribio makubwa yaliyouliza swali hilo yalijibu hapana. Jaribio liitwalo HOPE liliwapa watu uniti 400 za vitamini E kila siku, washiriki wakiwa zaidi ya 9,500, kwa miaka kama minne na nusu: hakuna tofauti. Uingereza watu 20,536 waligawanywa, nusu yao wakapewa vitamini E, C na beta-karotini kwa miaka mitano: hakuna tofauti. Marekani walijaribu kwa madaktari wanaume 14,641; tofauti haikuonekana, na kundi la vitamini E lilipata viharusi vingi zaidi vya kuvuja damu kwenye ubongo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumwambia mtu wa nyumbani kwako hivi: kopo huenda likashusha namba kidogo, kuzuia kiharusi halijathibitika, dawa imethibitika.

## Hatua ya 2: Lisome kopo kama mkataba wa kiwanja

Geuza upande wa nyuma. Mbele pamejaa picha za makomamanga na moyo unaong'aa, hapatusaidii.

Tafuta kiasi cha kila kitu. Kama limeandikwa tu "mchanganyiko maalumu wa mimea 14" bila miligramu, lirudishe dukani. Huwezi kujaribu kitu usichojua umekunywa kiasi gani.

Vitamini C isizidi miligramu 2,000 kwa siku kwa vyote unavyomeza. 500 zinatosha kwa jaribio hili. Aliyewahi kuwa na mawe kwenye figo asianze bila daktari. Mwenye kisukari ajue kwamba C nyingi inaweza kuzidanganya baadhi ya mashine za kupimia sukari.

Vitamini E ya uniti 400, kwenye kopo huandikwa IU, mimi siipendi kwa mtu mwenye presha ambayo bado haijatulia. Sababu umeisoma hapo juu.

Beta-karotini kwa mvutaji sigara ni hapana. Finland, katika jaribio la wanaume wavutaji zaidi ya 29,000 lililotoka mwaka 1994, waliopewa miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao.

Mbegu za zabibu pamoja na vitamini C ni mtego wa ajabu. Jaribio moja la Australia, mwaka 2005, lilikuta watu wenye presha waliopewa vyote viwili kwa pamoja wakipandishwa namba ya juu, wakati kila kimoja peke yake hakikufanya hivyo. Na makopo mengi huchanganya hivyo hivyo.

Sasa lile linalowapita karibu wote: vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vile vya C vinavyotoa povu. Povu hilo linatokana na magadi, na magadi ni sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi. Vipo vidonge vyenye zaidi ya miligramu 200 za sodiamu kimoja. Kikiwa na 250, ukinywa viwili kwa siku, umekula robo ya sodiamu yote unayoruhusiwa. Mama mmoja alikuwa akija kwangu kila wiki analalamika presha haishuki tangu aanze "vitamini ya presha". Nikamwomba aje nayo. Ilikuwa ya povu, na alikuwa anainywa mara tatu kwa siku kwa sababu ni tamu kama soda. Chukua ya kumeza kavu.

Angalia pia tarehe ya mwisho na namba ya toleo. TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, iligeuka TMDA ya dawa na vifaa tiba mwaka 2019, na mambo ya chakula na vipodozi yakahamia TBS, shirika la viwango. Kopo jipya linalojisifu leo kwa kibali cha TFDA linahitaji maswali.

## Hatua ya 3: Weka kopo na dawa meza moja

Nenda navyo vyote kwa mfamasia au kliniki yako ya presha. Si picha kwenye simu, vitu vyenyewe. Mambo ya kuuliza:

1. Nameza warfarini, aspirini au klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande. Vitamini E huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Kirutubisho cha koenzaimu Q10 kinaweza kuipunguzia warfarini nguvu.
2. Nameza losartani, enalaprili, kaptoprili au spironolaktoni, na kopo lina potasiamu. Hapo jibu ni hapana mpaka figo zipimwe, kwa sababu potasiamu ikizidi inasimamisha moyo.
3. Kopo lina mzizi wa likorisi. Huo hupandisha presha wenyewe.
4. Ni mjamzito. Jaribio hili si lako. Vitamini C na E za dozi kubwa zilijaribiwa kuzuia kifafa cha mimba zikashindwa. Nenda kliniki.

Tahadhari kubwa kuliko zote: hakuna dawa inayoachwa wala kupunguzwa ndani ya wiki hizi kumi. Atenololi, propranololi na methildopa zikikatwa ghafla, presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Daktari akikubadilishia dawa katikati, jaribio limekufa; anza upya presha ikitulia.

## Hatua ya 4: Pima siku saba kabla ya kufungua kopo

Hapa ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mjomba wangu wa Ujiji ana mashine nzuri kuliko niliyonayo dukani. Kila asubuhi ananipigia: 160, 162, 160. Nikaenda kumtazama anavyopima. Alikuwa ametoka kijiweni, kikombe cha tatu cha kahawa. Akakaa kwenye ngazi ya baraza, akakunja mkono wa kanzu mpaka begani ukawa kamba iliyoukaba mkono. Mkanda akaufunga chini ya hiyo kamba, mkono ukiwa umelala pajani, mguu juu ya mguu, huku anaisemesha mashine: "Haya mama, leo usinitie aibu." Ikasoma 161. Nikamwambia aende msalani, avae fulana, akae kwenye kiti cha kulia chakula, anyamaze. Dakika tano baadaye ilikuwa 142. Bado iko juu, lakini kati ya 161 na 142 kuna dawa nzima ya pili ambayo angeandikiwa bure.

Utaratibu ni huu:

1. Nusu saa kabla, hakuna kahawa, sigara, wala kupanda mlima na ndoo.
2. Kojoa kwanza.
3. Kaa, mgongo uegemee, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane.
4. Mkono wazi juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo, kwenye ngozi. Mkono ukining'inia, namba inapanda bure.
5. Tulia dakika tano. Usiongee, usishike simu.
6. Pima, subiri dakika moja, pima tena. Andika namba zote mbili, hata ile usiyoipenda.
7. Asubuhi iwe kabla ya kumeza dawa, na jioni kabla ya kula.

Fanya hivyo siku saba. Siku ya kwanza itupe, kwa kuwa mtu huwa na wasiwasi wa mashine. Zinabaki siku sita zenye vipimo vinne kila siku, yaani 24. Jumlisha namba za juu kwa kikokotoo cha simu, gawa kwa 24. Fanya hivyo hivyo kwa za chini. Huo ndio mstari wako wa kuanzia. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu maana yake presha bado haijashikwa.

Umefaulu kama una vipimo 24 kwa mkono ule ule, kiti kile kile, na namba zinazokaribiana. Kama jioni zako zinarukaruka kutoka 120 hadi 165, tatizo ni namna ya kupima, au dawa humezi kwa wakati. Tengeneza hilo kwanza, kopo lisubiri.

Simama hapa: mashine ikisoma 180/120 au zaidi na una maumivu ya kifua, pumzi inakata, uso au mkono umelegea, unaona ukungu au maneno hayatoki, usipime tena. Nenda hospitali sasa hivi. Ikisoma hivyo nawe huna dalili yoyote, tulia dakika tano, rudia, na ikibaki hapo uonwe na mtoa huduma siku hiyo hiyo.

Neno moja kuhusu zile mashine za kushika fimbo mkononi, waya unakwenda kwenye kompyuta, kisha karatasi inatoka: "Mishipa imeziba asilimia 65." Fimbo haiwezi kuona mshipa. Watafiti wanapotaka kujua kama mishipa inalegea, huubana mkono kwa mkanda kama dakika tano, wanauachia, kisha wanatazama kwa ultrasaundi mshipa wa mkono unapanuka kiasi gani. Kipimo hicho hakifanyiki chini ya mwavuli wa matangazo. Mwenye karatasi ya asilimia mara nyingi ndiye mwenye makopo, na karatasi ya pili baada ya mwezi husoma 30 bila kukosa.

## Hatua ya 5: Anza kitu kimoja, wiki nane

Fungua kopo. Andika tarehe kwenye kifuniko kwa kalamu. Kidonge kile kile, saa ile ile, pamoja na chakula ili tumbo lisichafuke.

Usianze siku hiyo hiyo na kitunguu saumu, maji ya ndimu, mazoezi ya asubuhi na maji ya hibiskasi, ile rozela nyekundu. Vyote vinaweza kuwa na faida, lakini namba ikishuka utamsifu nani? Kimoja kwa wakati.

Katikati, pima siku moja tu kwa wiki kwa ajili ya usalama. Kizunguzungu ukisimama, damu ya pua isiyokoma, kinyesi cheusi, mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo: acha kopo, endelea na dawa, nenda ukaonwe. Watu huwa wanafanya kinyume chake.

Na usihukumu kwa kujisikia. Presha haiumi. Wepesi wa mwili baada ya siku tatu unaweza kuwa ni furaha ya kutumia kitu cha 85,000.

## Kama hela ya kopo haipo

Basi ruka hatua ya 5, ufanye jaribio hili hili kwa chungu. Binafsi ndilo ninalolipenda. Jaribio la lishe la Marekani liitwalo DASH, mwaka 1997, lenye mboga na matunda kwa wingi na maziwa yasiyo na mafuta mengi, liliishusha namba ya juu kwa kama 11 kwa waliokuwa na presha. Linganisha na 4 ya kidonge.

Kwetu hapa: pera moja la gramu 100 lina vitamini C zaidi ya miligramu 200, mara nne hivi ya chungwa la uzito huo. Papai na maembe yanasaidia pia. Mchicha na matembele uvipike dakika chache, maji kidogo, kwa kuwa vitamini C hufa kwa moto mrefu. Sombe, yaani kisamvu, usiifupishie moto kwa sababu hiyo. Ni lazima ichemke vizuri kuondoa sumu ya muhogo. C yake tuiage, tuitafute kwenye pera.

Kuhusu mawese, naulizwa kila siku. Rangi ile nyekundu ni karotini, na ndani yake kuna vitamini E pia. Ni kweli. Ila ukiyaunguza mpaka yawe meupe na jiko lote lijae moshi, karotini umeichoma. Na karibu nusu ya mafuta yake ni yale mazito yanayopandisha lehemu, kwa hiyo kijiko cha kupakia rangi kwenye migebuka kinatosha. Samaki asiogelee mara ya pili.

Chumvi yote kwa siku isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyojificha. Ya Uvinza na ya pwani zote ni chumvi. Rangi na udongo havibadilishi sodiamu. Samaki wa chumvi mloweke usiku, umwage maji, kisha usimwongezee nyingine sufuriani. Hata kwa anayetumia kopo, mchuzi wenye chumvi nyingi utalishinda.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze matunda na mboga kwa wingi bila kuuliza. Ni ile habari ya potasiamu.

## Hatua ya 6: Pima tena, linganisha, amua

Wiki nane za kutumia zikitimia, rudia hatua ya 4 yote. Siku saba, ya kwanza unatupa, vipimo 24.

Mfano. Kabla: jumla ya namba za juu 3,552, gawa kwa 24, wastani 148. Baadaye: 3,480, wastani 145. Tofauti ni 3.

- Tofauti chini ya 5: mwili hubadilika hivyo wenyewe, kwa msimu, usingizi, ada za watoto. Kopo halijathibitisha kitu. Usinunue la pili.
- Imeshuka 5 au zaidi: acha kopo wiki nne, dawa zikiendelea, upime wiki nyingine. Ikirudi juu, huenda linakusaidia kweli. Ikibaki chini, sifa si za kopo.
- Imepanda: acha leo, na upeleke kopo pamoja na daftari kliniki.

Hata ikishuka vizuri, anayepunguza dawa ni daktari, akiwa na daftari hilo mkononi. Na wastani ukibaki 135/85 au zaidi, mwambie waziwazi kwamba dawa uliyonayo haitoshi. Ile hela ya kopo la pili hulipa amlodipini ya miezi mingi.

Daftari lipeleke hata kama kopo limeshindwa. Kliniki huwa wanaona namba moja kwa mwezi, iliyopimwa dakika mbili baada ya wewe kushuka kwenye bodaboda. Kurasa zako mbili zina 48.